Aliyetangulia Kupiga

Nyamisangura, Tarime
Jumapili, baada ya ibada

Ghati mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako, na hutarudi mapema kwa sababu shangazi yako haachi mtu aondoke kwake bila kula. Nimesogeza madaftari ya wanafunzi pembeni, nimekaa. Habari za godoro, ndoo, chandarua na nani atakupokea stendi tumezizungumza mpaka umenichoka, sizirudii. Kuna jambo moja nimejaribu kukuambia kwa mdomo tangu majibu ya chuo yalipotoka, na kila nikianza unaniangalia, nami naishia kuuliza kama umekula. Kwa maandishi huenda nikafika mwisho.

Ulipojaza maombi ya kusomea kriminolojia na haki jinai, mimi uliniambia ni kwa sababu kozi ile ina kazi. Shangazi yako ulimwambia ukweli, kwamba ni kwa ajili ya mjomba Marwa ambaye hukumjua. Shangazi akaniambia. Sikukasirika. Niliona aibu tu, kwamba mtoto anakwenda kusoma miaka mitatu ili ajue jambo ambalo mama yake anakaa nalo chumba cha pili.

Unachokijua ni kile kilichosemwa redioni, kwamba aliuawa na wananchi wenye hasira kali. Hata baba yako alikujibu hivyohivyo ulipomuuliza ukiwa darasa la tano, nami nikaondoka kwenda jikoni. Nilikuwepo, Ghati. Hasira kali sikuiona. Niliona watu ninaowafahamu, wameshiba, wanazungumza kwa sauti za kawaida, na mmoja wao aliniomba maji ya kunywa kabla hawajaondoka na mdogo wangu.

Mimi na Marwa tumeachiana ziwa. Alikuwa mrefu kama baba yetu, mwenye maneno machache, na alikuwa na kasoro moja ambayo kwetu Wakurya ni kubwa kuliko ulemavu: aliogopa ng'ombe. Alipokuwa mdogo fahali alimkanyaga na kumburuta zizini, na tangu siku ile akiona kundi linakuja njiani anaingia porini mpaka lipite. Baba alimpiga, akamcheka, akampa jina la kike mbele ya wageni. Haikusaidia. Alipopata akili akaondoka nyumbani, akaenda Nyakunguru kwa wachimbaji wadogo, akawa anashuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na kupandisha mawe. Shimoni hakuna ng'ombe, aliniambia. Alitoka huko na kifua kibovu na pikipiki moja.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Serengeti. Jina la kijiji silitaji, maana humo wamo pia watu ambao hawakumfanyia mtu ubaya, na kuna watoto waliozaliwa baadaye. Baba yako alikuwa ameanza kazi ya ulinzi kwenye hoteli ya watalii karibu na lango la Ikoma, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Wewe ulikuwa mchanga. Nikamwita Marwa aje akae nasi katika nyumba ya mwalimu, anisaidie kuteka maji na kupasua kuni, na pikipiki yake abebe abiria. Alifurahi. Alikuwa akikubeba kwa mkono mmoja kama mtu abebavyo mkate, na huku mkono wa pili anakaza nati.

Sasa mtazame kwa macho ya kijiji, maana utafundishwa kutazama hivyo. Mgeni kutoka Tarime. Hana mke, hana shamba, hana mifugo. Ana pikipiki, na pikipiki inatoka na kuingia saa ambazo watu wamelala. Akiona ng'ombe anapotea njiani. Mimi niliyemjua niliona mtu mwoga mwenye kikohozi. Wao hawakuwa na sababu ya kuona hivyo, na mimi sikuwahi kuwasaidia waone. Watu wakiniuliza, "Mwalimu, yule mdogo wako anafanya kazi gani hasa?" nilikuwa nacheka, nasema ana mambo yake. Nilidhani namlindia heshima kwa kutosema kwamba aliogopa ng'ombe.

Kisha ng'ombe wa mzee Wambura wakaibwa. Kundi zima lilitolewa zizini usiku. Asubuhi vijana walifuata nyayo mpaka mtoni, zikapotelea kwenye mawe. Ulikuwa wizi wa kufuatana na mwingine, na watu walikuwa wamechoka. Hilo nataka ulijue vizuri, kwa sababu huko darasani unaweza kusikia habari za watu wakatili wa kanda fulani. Walikuwa wamechoka kweli. Mtu aliyelala na ng'ombe akaamka bila ng'ombe amepoteza mahari ya mwanawe na ada ya binti yake. Waliwahi kupeleka wezi polisi, na baadhi ya wezi hao wakaonekana sokoni wiki iliyofuata.

Mwenyekiti akaitisha mkutano, kile tunachokiita iritongo, kwenye uwanja wa shule. Wakakubaliana kupiga kura za siri: kila mtu mzima aandike jina la anayemjua kuwa mwizi. Umesikia habari za kura hizi, bado zinafanyika. Mwenyekiti akaja mpaka ofisini kwetu kuniomba karatasi. Nikamchania kutoka kwenye daftari jipya la shule, nikazikata kwa rula na wembe zikatoka sawasawa. Kwa kweli nilifurahi kuombwa. Niliona ni hatua. Miaka ya nyuma walikuwa wakikamatana kwa uvumi, sasa wataandika, tutahesabu, atakayetajwa atapelekwa kunakohusika. Mwalimu akiona karatasi anadhani ameona haki.

Nami nilipewa yangu. Niliandika "sijui".

Walipomaliza kutumbukiza kwenye ndoo, mwenyekiti akasema mwalimu hana upande na macho yake ni mazuri, asome yeye. Nikasimama mbele ya watu, wewe ukiwa mgongoni umelala, nikaanza kutoa karatasi moja moja. Ya kwanza ilikuwa na jina la kijana mmoja aliyekwisha kuhama. Iliyofuata iliandikwa Marwa wa mwalimu. Na iliyofuata. Nilisoma jina la mdogo wangu kwa sauti ileile ninayoitia mahudhurio, na kila nilipoinama kwenye ndoo nilijiambia inayokuja itakuwa ya mwingine. Majina mengine yalikuwepo. Nyamhanga alitajwa, mara chache tu. Huyu alikuwa baba wa mwanafunzi wangu Bhoke, jirani wa shule, ndiye aliyeniezekea jiko. Aliposikia jina lake alicheka, na watu wakacheka naye. Ile ya "sijui" pia niliisoma, wakacheka zaidi.

Unaweza kuniuliza kwa nini nisiache kusoma. Nimejiuliza kwa miaka. Jibu ninalolipata ni dogo na halinipendezi: nilikuwa nimepewa kazi, na watu walikuwa wananitazama. Utakutana na watu wa namna yangu wengi katika masomo yako, waliofanya sehemu yao vizuri.

Nilipomaliza nikasema hadharani, "Mwenyekiti, usiku ule walipoibwa ng'ombe mtoto alikuwa na homa kali. Marwa alitupakia kwenye pikipiki akatupeleka zahanati, tukarudi kumekucha. Muulizeni nesi."

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, kura zimeshasema. Hayo akayaseme polisi."

Ni wewe uliyekuwa na homa ile. Wewe ndiye uliyekuwa ushahidi wa mjomba wako, na ulikuwa hujajua kusema.

Marwa hakuwa mkutanoni. Alikuwa nyumbani anasafisha kabureta. Wanaume wa sungusungu walikuja na mimi nikiwa mbele yao, natembea haraka ili nifike kwanza, na sikufika kwanza. Alisimama akijifuta mikono kwa kitambaa. Aliniuliza mimi, hakuwauliza wao: "Dada, nimefanya nini?" Nikamwambia wanakupeleka polisi, nenda, utaeleza, nami nakuja na kadi ya mtoto ya zahanati. Akatoa mikono yake wakamfunga. Hakupigana, Ghati. Nilimwambia aende, akaenda. Nyamhanga akaniomba maji. Nikamletea kikombe, akanywa yote, akasema asante mwalimu.

Nikachukua kadi yako nikawafuata. Waliniambia nirudi nikakataa, wakaniacha. Tulitembea vizuri tu. Njia ya kwenda kituoni inashuka kwenye kijito kabla ya kupanda upande wa pili, na pale kijitoni tulikuta watu wengine waliotoka mashambani, wana majembe na fimbo. Wakauliza ndiye huyu. Wakajibiwa ndiye. Tukasimama wote. Mtu mmoja, sauti yake naijua lakini uso sikuuona, akasema bila kupandisha sauti, "Tunajichosha bure. Keshokutwa mtamkuta sokoni."

Kukawa kimya. Nadhani kama mtu yeyote angesema neno wakati ule, hata la upuuzi, hata kutaja mvua, wangeendelea kutembea. Mimi nilikuwa nyuma, natafuta neno. Nyamhanga akatangulia. Alikuwa na rungu, akampiga Marwa nyuma ya sikio. Baada ya hapo walipiga wengi na sikuweza tena kujua nani ni nani. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Uliamka mgongoni ukalia, na kuna mwanamke alinivuta kwa nyuma akanifunika macho kwa kanga yake. Aliponiachia walikuwa wanaondoka, mmoja mmoja, kila mtu kwa njia yake, kama watu wanaotoka mnadani. Hakuna aliyekimbia.

Sitakueleza alivyokuwa. Wanawake wawili walinisaidia kumbeba kwa shuka mpaka nyumbani.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo walimu wako watalitaja siku ya kwanza, na nataka utakapolisikia usione haya kwa niaba yangu mbele ya wenzako. Nilimwosha. Nilimvua nguo zote, zilikuwa zimejaa damu na udongo, nikaziweka nyuma ya jiko nikazichoma, kwa sababu sikutaka baba yako azione, wala baba yetu. Kisha wanawake wale wakarudi kijitoni na ndoo wakamwagia maji pale mahali na kufagia, kwa sababu watoto wangepita asubuhi kwenda shule. Tulifanya hayo kwa mapenzi. Baba yako alifika kesho yake na lori la mchanga, tukazika jioni ileile. Polisi walipokuja tulikuwa tumekaa matangani.

Askari alikuwa kijana tu, mwenye adabu, akanisalimia shikamoo mwalimu. Akauliza nguo za marehemu ziko wapi. Nikamwonyesha majivu. Akachutama akayagusa kwa kijiti, akasema taratibu, "Umetuchomea kesi, mama."

Akataka kaburi lifukuliwe daktari aone majeraha. Baba yetu akakataa, akasema ameshapigwa inatosha. Wakubwa wa askari yule hawakusukuma sana.

Hata hivyo kesi ilifunguliwa, kwa sababu nilitaja majina. Niliyaandika yote niliyoyaona wakati tunatembea, kabla ya kijito, na nikasema Nyamhanga ndiye aliyetangulia kupiga. Shauri lilichukua miaka. Nyamhanga na wenzake walikaa mahabusu, na mimi niliendelea kufundisha palepale kwa sababu uhamisho haukutoka. Watu waliacha kunisalimia. Kisimani wanawake walikuwa wananipisha nichote kwanza, kumbe ni ili niondoke. Nilikuwa nimepeleka mambo ya nyumbani serikalini.

Na darasani alikuwepo Bhoke, binti wa Nyamhanga. Mtoto mwerevu. Kila nikiuliza swali anainua mkono, nami nampita. Sikumchapa, sikumtukana, nilimpita tu kama hayupo, muhula mzima, mpaka siku moja nikauliza swali nikaona haukuinuka. Nililala nikiwa mshindi siku hiyo. Wewe unajua mimi ni mtu wa kanisa. Nakuambia haya ili ujue adhabu inavyoteleza mikononi mwa mtu na kumwangukia asiyehusika, na mtu mwenyewe akaona ni haki. Sikuhitaji rungu.

Shauri liliposikilizwa nilisimama kizimbani mbele ya jaji. Wakili wa utetezi alikuwa mpole kuliko wote. Aliniuliza kama nilikuwa nalia, nikasema ndiyo. Kama nilikuwa na mtoto mgongoni, ndiyo. Kama walikuwepo watu wengi, ndiyo. Kama kuna mwanamke alinifunika macho, ndiyo. Kama niko tayari kumtaja mwanamke huyo aje aseme. Nilimtaja. Alikuja, akasema siku ile alikuwa mashineni anasaga mahindi. Mwenyekiti alisema alibaki uwanjani. Nesi alisema zahanati inapokea watoto wengi na hawezi kukumbuka kila pikipiki. Kadi yako ilikuwa na tarehe, lakini haikuwa na jina la aliyekuleta.

Nikaona yananiponyoka, nikasema kitu ambacho nilikuwa nimekificha kijiji kizima. Nikamwambia jaji kwamba Marwa hakuweza kuiba ng'ombe kwa sababu aliogopa ng'ombe tangu utoto, hakuweza hata kupita karibu yao. Watu waliojaa mahakamani wakacheka. Mkurya anaogopa ng'ombe. Jaji akawanyamazisha, lakini nilimwona akiandika, na sijui aliandika nini.

Waliambiwa hawana kesi ya kujibu. Mtakuja kuyasoma maneno haya na kuyapima, nayo ni maneno mazuri, yanamlinda mtu asifungwe kwa neno la mtu mmoja mwenye uchungu. Najua hivyo. Ningekuwa jaji, bila nguo, bila daktari, bila shahidi wa pili, nami ningewaachia. Lakini nilitoka nje nikawakuta wake zao wanapiga vigelegele chini ya ukuta, nikatamani kufa.

Mwaka uliofuata ilijulikana nani aliiba. Mtoto wa mzee Wambura mwenyewe ndiye aliyefungua zizi la baba yake, akawapeleka ng'ombe Sirari wakavuka mpaka. Aligombana na mkewe, na mkewe akayamwaga yote kisimani. Kijiji kikajua kwa siku moja. Ghati, nilingoja. Nilikaa mlangoni kwangu jioni ile nikiwa nimevaa vizuri, kama mtu anayetarajia wageni. Nilidhani watakuja. Hakuna aliyekuja.

Alikuja mzee Wambura peke yake, siku nyingi baadaye, akiswaga mtamba mmoja. Akakaa nje akashindwa kuanza. Mwisho akasema mtamba ni wa kaburi. Nikamwambia amrudishe. Baba yako, ambaye safari hii alikuwa nyumbani, akanitoa pembeni akasema jambo ambalo sikulipenda. Alisema kaka zangu wa Tarime wamekaa wananoa mishale wakisubiri nikatae. Nikimkataa ng'ombe huyu, mtoto wa Wambura atauawa, na akishauawa watakuja kumtafuta mtu wa kwetu, na wa karibu zaidi ni mimi na wewe.

Tukampokea. Baba yetu akamchukua kwake, wazee wakala kiapo, na damu haikumwagika tena. Ulikua, hukuwahi kuokota maiti njiani. Haki sikuipata, amani niliipata, na nilipewa kuchagua moja tu kati ya hizo mbili nikiwa nimesimama nyuma ya choo na baba yako ananong'ona. Watakaokufundisha kwamba vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja wasikilize kwa heshima, kisha uwaulize wao walisimama wapi.

Muda si mrefu uhamisho ukatoka, tukahamia hapa.

Ningependa kuishia hapo, na ningekuwa nimekuandikia barua nusu. Kabla ya Pasaka iliyopita, ulipokuwa kwa baba yako Ikoma, mwanamke alibisha hodi. Nilimfahamu kabla hajasema. Alikuwa Bhoke. Ameolewa hapahapa mjini, ana duka la vifaa vya shule na mumewe. Alinisalimia shikamoo mwalimu, nikaitikia, nikamkaribisha kiti akakataa. Akasema baba yake yuko kwake, ameletwa kutoka kijijini kwa ugonjwa wa sukari, mguu mmoja umekatwa na wa pili hauko vizuri, na kila siku anamtaja mwalimu. Akasema, "Sikulazimishi. Nimetumwa tu."

Nilikaa siku tatu bila kula vizuri. Kisha nikaenda.

Alikuwa ameegemezwa kitandani karibu na dirisha, mzee kuliko umri wake. Bhoke akatuacha. Sikumpa mkono. Hakuniomba msamaha, na ninamshukuru kwa hilo, maana ingenibidi niuombe mkono wangu usimfanyie kitu. Alichosema ni hiki, nami nakiandika kama alivyokisema.

"Uliposoma jina langu pale uwanjani, mwalimu, nilicheka ili watu wacheke nami. Nikawa natembea nikiwaza, nani ameniandika? Wapo hapa, wananifuata, wananitazama. Yule alipotia neno kijitoni nikaona nikikaa nyuma watasema namhurumia mwizi mwenzangu. Mimi sikuwa na hasira na mdogo wako. Sikumjua hata vizuri. Niliogopa."

Nikamuuliza kwa nini hayo hakuyasema mahakamani.

"Mahakamani waliniuliza kama ni mimi. Nikasema si mimi," akajibu. "Kwa nini, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Si polisi, si wakili, si mke wangu. Wewe ni wa kwanza, na wewe umekuja kwa sababu nimekuita."

Hapo nilikumbuka karatasi zangu nilizokata kwa rula. Si kwamba namwona hana kosa. Rungu lilikuwa mkononi mwake, na njia ilikuwa na nafasi ya mtu kukaa nyuma. Mimi sijamsamehe na usinisomee barua hii kama mtu aliyesamehe. Lakini nilikuwa nimemchukia mtu mmoja miaka yote, na niliyemkuta kitandani ni mwingine, na sikujua nifanye nini na chuki iliyobaki.

Nilipoinuka akauliza habari za mtoto aliyekuwa mgongoni. Nikamwambia anamaliza kidato cha sita, anataka kusomea mambo ya uhalifu na haki. Akageuza uso dirishani. Kisha akasema, "Akitaka kuniuliza, aje. Nitamjibu yote, na majina ya wengine nitamtajia. Aje nikiwa bado nina akili."

Hayo nimekaa nayo tangu Pasaka. Nilijiambia nitakuambia ukishamaliza chuo, ukishakuwa na kazi, ukishakuwa mtu mzima. Jana nilikutana na Bhoke sokoni, akaniambia mguu wa pili umeanza kubadilika rangi.

Sijui kama sheria bado inamtaka au ilishamalizana naye. Sijui kama mtu aliyeachiwa anaweza kuitwa tena, wala kama maneno aliyomwambia mwalimu wa shule ya msingi kwenye chumba cha mgonjwa ni kitu chochote mbele ya jaji. Wewe ndiye utakayejua. Ninachojua ni kwamba kaka zangu bado wako hai na wana watoto wa kiume, na majina anayotaka kukutajia ni ya watu ambao nao wana watoto wa kiume. Ukiyapokea yatakuwa yako. Hutaweza kumrudishia.

Kwa hiyo sikuambii uende, wala sikuambii usiende. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma nyuma ya soko, mlango wa kijani. Jua bado liko juu, na basi lako ni kesho alfajiri. Ukirudi kutoka kwa shangazi utaikuta barua hii mezani, nami nitakuwa nimekaa uani. Isome peke yako, hadi mwisho. Kama ukitoka umevaa viatu, nitajua, na sitakuuliza kitu, nitainuka twende wote. Nitakufikisha mlangoni nibishe hodi. Ndani utaingia mwenyewe.

Ni mimi mama yako,
Weigesa